Macho Kwanza, Fimbo Pili, Simu Tatu: Ushauri kwa Familia za Wasioona Kibiti na Delta ya Rufiji

Swali linaloletwa mara kwa mara na familia za Kibiti, Bungu, Nyamisati na visiwa vya Delta ya Rufiji ni lile lile: ndugu yao amepoteza uwezo wa kuona, fedha kidogo imepatikana baada ya mauzo ya korosho au msimu wa kambamiti, na sasa wanataka kujua anunuliwe kifaa gani. Wengine wamekwisha kusikia habari za miwani inayozungumza na za fimbo zinazotoa mlio mbele ya kizuizi, nao huuliza bei tu. Makala haya yanalijibu swali hilo kwa mpangilio ambao huenda usimfurahishe mwenye haraka, kwa kuwa kifaa cha umeme kinakuja katika nafasi ya tatu, baada ya macho kupimwa na baada ya mhusika kujifunza kutembea. Katika Delta mtandao hukatika, umeme wa nyumba nyingi hutegemea jua, na njia iliyokuwa kavu asubuhi huwa mkondo wa maji jioni. Katika mazingira hayo kifaa cha bei kubwa mara nyingi ndicho kinachokufa mapema.

Macho yapimwe kabla ya fedha kutoka

Upofu una sababu nyingi, na baadhi yake huondolewa kwa upasuaji mfupi. Mtoto wa jicho, yaani ukungu unaojijenga ndani ya lenzi ya jicho na kuuzuia mwanga usipite, ndiye anayeongoza kwa kuwapofusha wazee, naye hutolewa hospitalini kwa upasuaji ambao kwa kawaida haumlazi mgonjwa siku nyingi. Presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma, ni habari nyingine: uoni uliokwisha kupotea haurudi, lakini matibabu yanayofuatwa bila kukatizwa huulinda uoni uliobaki. Kwa hiyo familia inayomnunulia mzee simu inayozungumza kabla ya kumfikisha kwa mtaalamu wa macho huenda inamnunulia mtu ambaye angeweza kuona. Safari ianzie kituo cha afya kilicho karibu, ambako huombwa rufaa, na wagonjwa wengi wa ukanda huu huishia Dar es Salaam, ama Hospitali ya Taifa Muhimbili ama hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani.

Makosa yanayorudiwa katika hatua hii ni haya:

- Kumsubiri mtoto wa jicho "akomae". Ushauri huo ulikuwa na maana katika upasuaji wa zamani. Siku hizi kusubiri humwongezea mgonjwa miaka ya giza na hatari ya kuanguka, na huweza kuufanya upasuaji wenyewe kuwa mgumu zaidi.
- Kutia machoni maji ya majani, maziwa ya mama au unga wa dawa usiojulikana. Jicho lenye kidonda kidogo ambalo lingepona kwa dawa ya hospitali huweza kubaki na kovu la kudumu juu ya mboni.
- Kuacha matone ya presha ya macho kwa sababu jicho haliumi. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi, na ndiyo maana huiba uoni bila mwenyewe kushtuka.
- Kupuuza weupe ndani ya mboni ya mtoto mchanga. Weupe huo huweza kuwa mtoto wa jicho au saratani, na yote mawili hayangoji mavuno.

Mtaalamu aulizwe pia swali ambalo wengi hulisahau: je, kuna uoni uliobaki? Wengi wanaoitwa vipofu wana uoni hafifu, yaani huona kivuli, rangi kali au mwanga wa mlango, na watu wenye ualbino wengi wako katika kundi hili. Mtu huyo huenda akafaidika zaidi na kioo cha kukuzia maandishi, kofia yenye ukingo mpana, au simu iliyoongezwa ukubwa wa herufi, kuliko na kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya asiyeona kabisa.

Fimbo nyeupe katika ardhi ya aina tatu

Mwaka 1921 James Biggs, mpiga picha wa Bristol nchini Uingereza aliyepoteza uwezo wa kuona, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Katika miaka ya 1940 Richard Hoover alibuni, kwa ajili ya askari wa Marekani waliopofuka vitani, namna ya kuipitisha fimbo ndefu mbele ya miguu ili ipapase njia. Hatua hizo mbili ndizo msingi wa fimbo nyeupe ya leo, ambayo ina kazi ya kumtambulisha mwenye nayo na kazi ya kumpa habari za ardhi. Mkongojo wa mzee haufanyi kazi hizo, kwa kuwa umekatwa mfupi ili uegemewe, na anayeutumia hukutana na shimo wakati mguu umekwisha kuingia.

Matumizi ya msingi hufundishwa hivi:

1. Fimbo ikisimamishwa wima mbele ya mtu ifike kwenye mfupa wa kifua. Anayetembea haraka huhitaji ndefu zaidi kidogo.
2. Mkono unaoishika ukae mbele ya kitovu, na kiganja kisikaze.
3. Ncha ipite kulia na kushoto kwa upana unaozidi mabega kidogo, ikigusa ardhi upande wa kushoto wakati mguu wa kulia unapotoka, na kinyume chake, ili kila mguu ukanyage mahali palipokwisha kupapaswa.
4. Mazoezi yaanzie uani, yaende kwa jirani, kisha dukani, na njia mpya isiongezwe kabla ya ile ya kwanza kuzoeleka.

Mafunzo hayo yaliandikwa kwa ajili ya barabara za lami, na hapa ndipo msomaji wa Delta anapohitaji nyongeza. Kwenye lami ya mji wa Kibiti, unaokatwa katikati na barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, fimbo hutumika kama ilivyofundishwa, lakini hatari kubwa hutoka kwenye pikipiki za bodaboda zinazopita pembezoni. Asiyeona asivuke kwa kuufuata mlio wa basi lililosimama, kwa sababu basi hilo huficha mlio wa kinachokuja nyuma yake. Fimbo ibandikwe utepe unaong'aa kwa ajili ya usiku.

Kwenye mchanga wa vijijini ncha nyembamba huzama na kumchosha mwenye fimbo. Mshona viatu anayetengeneza katambuga anaweza kukata kipande cha tairi chenye umbo la mduara, kikafungwa chini ya fimbo na kuifanya iteleze juu ya mchanga. Fimbo yenyewe pia huweza kutengenezwa na fundi wa mahali kwa bomba jepesi la alumini, mradi isiwe nzito kiasi cha kuumiza kifundo cha mkono baada ya nusu saa.

Kwenye tope la kando ya mikondo mambo hubadilika kabisa. Mti wa mchu huinua mizizi yake juu ya tope, myembamba na iliyosimama wima kwa mamia kuuzunguka mti, na fimbo inayopapaswa kulia na kushoto hunasa humo kila hatua. Hapo fimbo isipapase. Ichome chini kwanza, isikilizwe kama imegota au imezama na kwa kina gani, ndipo mguu ufuate. Hata hivyo, hakuna ufundi wa fimbo unaohalalisha asiyeona kwenda peke yake ukingoni mwa mto wenye mamba na viboko, na familia inayomwachia mtu huyo kazi ya kuchota maji ya mto kwa hoja kwamba amezoea njia inafanya kosa lisilo na udhuru.

Fimbo ina upungufu mwingine ambao wauzaji hawautaji: haioni kilicho juu ya kiuno. Kamba za kuanikia nguo, matawi yaliyoinama, nguzo za mapaa na mbao zilizochomoza nyuma ya magari humpata mtu usoni. Mkono wa pili uinuliwe mbele ya uso mahali pasipofahamika, na uani kwake vitu hivyo viondolewe moja kwa moja.

Wapo wanaosema kwamba fimbo ni aibu na kwamba itamtangaza ndugu yao. Itamtangaza kweli, na ndiyo faida yake, kwa maana dereva asiyejua kwamba mtu haoni humpigia honi na kutegemea kwamba atakwepa.

Kumwongoza mtu, hasa kumpandisha chomboni

Anayeongozwa ndiye anayeshika. Asiyeona hushika mkono wa mwongozaji juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yake, kwa hiyo kila mwongozaji anapopanda, kushuka au kugeuka, mwili wake humpa mwenzake habari kabla ya maneno. Kumsukuma kwa mgongo au kumburuta kwa ncha ya fimbo humnyima habari hiyo.

Chomboni, iwe ni mtumbwi wa kuvukia mkondo au boti ya Nyamisati, mpangilio uwe huu:

- Nahodha aambiwe mapema kwamba yupo abiria asiyeona, na apangiwe mahali pa kukaa kabla chombo hakijajaa.
- Mwongozaji atangulie kuingia, kisha mkono wa abiria uwekwe juu ya ukingo wa chombo ili apime mwenyewe urefu na mtikisiko.
- Aelezwe kina cha maji pale anapokanyaga, kwa kiungo cha mwili: kifundo, goti au paja.
- Aketi chini, katikati, na avae jaketi la kuokolea maisha hata kama wengine wamelikalia.
- Safari zipangwe kwa kuangalia kupwa na kujaa kwa maji. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, na abiria hulazimika kutembea kwenye tope refu kukifikia chombo.

Desturi ya kumkabidhi mtoto ncha ya fimbo ili amwongoze babu kutwa nzima inahitaji kusemwa waziwazi. Mtoto huyo hukosa shule, na babu hubaki bila uwezo wowote siku mtoto anapougua. Vijana na watu wazima wagawane zamu kwa safari ndefu, na safari fupi za karibu ziwe za fimbo.

Simu: kabla ya kulipa dukani

Kifaa kimoja cha umeme kinachostahili kununuliwa na familia nyingi ni simu janja ya kawaida. Simu nyingi za Android huja na programu ya kusoma skrini iitwayo TalkBack, ambayo hutamka kwa sauti kila kinachoguswa. Simu za iPhone zina yao iitwayo VoiceOver. Programu hizo hazilipiwi, na hoja kwamba kijijini hakuna mtandao haizigusi, kwa kuwa zikiisha kuandaliwa hufanya kazi bila bando: husoma ujumbe mfupi, majina ya watu, saa, kiasi cha chaji na jina la anayepiga.

Kabla ya fedha kutolewa, mnunuzi ahakikishe mambo yafuatayo akiwa bado dukani:

1. Mipangilio ifunguliwe, sehemu ya ufikivu itafutwe, na TalkBack iwashwe. Simu isiyo nayo, au inayokwama baada ya kuwashwa, irudishwe hapo hapo.
2. Sauti ya Kiswahili ya huduma ya matamshi ya Google ipakuliwe na ijaribiwe. Bila sauti hiyo, simu husoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na mzee huambulia kelele. Upakuaji ufanyike Kibiti au Dar es Salaam penye mtandao wenye nguvu, kwa maana kuusubiri ukamilike Salale, ndani ya Delta, ni kumaliza bando bure.
3. Njia ya mkato iwekwe, ili kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache kuwashe na kuzime TalkBack.
4. Simu iwe na tundu la visikilizio vya waya. Umuhimu wake utaonekana katika sehemu ya fedha.

Matumizi yake hutofautiana na ya simu ya mtu anayeona. Mguso mmoja husoma kilicho chini ya kidole bila kukifungua, miguso miwili ya haraka hukifungua, kidole kimoja kikipitishwa haraka kulia huenda kwenye kitu kinachofuata, na vidole viwili husogeza ukurasa. Kutojua hilo ndiko kunakozaa tukio ambalo mafundi simu wa stendi wanalifahamu vizuri: mtoto huwasha TalkBack kwa bahati mbaya, familia huamini simu imeharibika kwa kuwa haifunguki kwa mguso mmoja, na fundi asiyeijua huifuta simu yote na kuianza upya. Mwenye simu asimkabidhi fundi kabla ya kumtaka aizime TalkBack kwa njia ya mkato.

Mafunzo yawe mafupi na ya kila siku. Juma la kwanza litumike kupokea na kukata simu peke yake, la pili kupiga kwa jina, la tatu kusikiliza ujumbe. Kasi ya sauti ianze polepole, iongezwe kadiri sikio linavyozoea. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huwafaa wengi kuliko kuandika, na hakuna sababu ya kumlazimisha mzee ajifunze kibodi ya kioo ikiwa hana haja nayo. Mzee asiyetaka kabisa simu ya kioo aachiwe kiswaswadu chake: kinundu kilicho juu ya namba 5 humwonyesha mahali pa vitufe vingine vyote, na namba nne au tano za ndugu huweza kuwekwa kwenye vitufe vya kupigia haraka.

Chumvi ya pwani hula tundu la kuchajia. Simu isafirishwe ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, ifutwe kwa kitambaa kikavu, isiwekwe chaji ikiwa na unyevu, na mahali palipo na sola ya jumuiya mwenye simu aandikishe jina lake kwa mchajishaji badala ya kutegemea kuitambua simu yake kati ya ishirini zinazofanana.

Vifaa vinavyoweza kusubiri

Programu zinazotumia kamera, kama Lookout ya Google, au Be My Eyes iliyoanza mwaka 2015 nchini Denmark na inayomuunganisha asiyeona kwa video na mtu anayeona, zina manufaa makubwa penye mtandao mzuri. Zijaribiwe, kwa kuwa hazina malipo, lakini zisitegemewe kwa uamuzi unaogusa uhai, kama vile kutambua dawa au kupima kina cha maji, na zisichukuliwe kuwa zinaitambua shilingi ya Tanzania mpaka zijaribiwe kwa noti zinazojulikana. Kamera isielekezwe kamwe kwenye namba ya siri au kadi ya benki.

Fimbo zenye vihisio na miwani inayozungumza ziachwe dukani kwa sasa. Hazina fundi wa karibu, haziwezi kutofautisha tope na ardhi ngumu, na bei ya moja hutosha nauli ya hospitali, fimbo ya kawaida na simu kwa pamoja.

Fedha na namba ya siri

Hapa ndipo wasioona wengi wanapoibiwa, na mwizi mara nyingi si mgeni. Mtu asiyeona hupeleka simu kwa wakala, humtajia namba yake ya siri mbele ya foleni, na kutoka hapo usalama wa fedha zake hutegemea hisani ya kila aliyesikia. Simu yenye TalkBack huondoa ulazima huo, ingawa ina mtego wake: katika menyu za namba za nyota, kama *150*00# ya M-Pesa, tarakimu za siri hutamkwa zinapoandikwa, na bila kisikilizio dukani kote husikika.

Utaratibu salama ni huu:

- Visikilizio vivaliwe kabla ya menyu kufunguliwa. Sikio moja libaki wazi kumsikiliza wakala.
- Mpangilio wa menyu ukaririwe nyumbani, kwa kuwa menyu hizi hujifunga zikichelewa kujibiwa, na sauti inayosoma orodha nzima hula muda. Anayejua kwamba huduma anayoitaka ni namba fulani hujibu bila kungoja orodha iishe.
- Skrini ifichwe kwa kutumia chaguo la TalkBack linaloifanya iwe nyeusi wakati simu inaendelea kufanya kazi.
- Ujumbe wa uthibitisho usikilizwe mpaka mwisho, pamoja na salio, kabla ya kuondoka kwa wakala. Neno la wakala kwamba "mtandao unasumbua, ujumbe utakuja" lisikubaliwe kuwa risiti.
- Namba ya siri iliyowahi kutajwa kwa mtu, hata mjukuu mwema, ibadilishwe.

Kwa noti, ukubwa husaidia kwa kiasi kidogo: noti za shilingi 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zinapishana kwa milimita chache tu, na noti iliyochakaa hudanganya vidole. Njia ya uhakika ni kukunja. Noti ya 1,000 huachwa wazi, ya 2,000 hukunjwa mara moja kwa upana, ya 5,000 hukunjwa kwa urefu, na ya 10,000 hukunjwa kwa urefu kisha kwa upana. Kila mtu anaweza kujitungia mpango wake, alimradi asiubadilishe, na noti mpya ikunjwe palepale inapopokelewa na mtu anayeaminika kuithibitisha. Anayetoa chenji atakiwe kuhesabu kwa sauti, noti moja baada ya nyingine, akizitia mkononi.

Nyumba isiyohamahama

Sheria ya kwanza ya nyumba yenye asiyeona ni kwamba kitu hurudi kilipotolewa. Ndoo iliyoachwa mlangoni na mgeni, au jembe lililoegemezwa ukutani upande usio wake, huumiza kuliko giza lenyewe. Marekebisho yafuatayo hayahitaji fundi wala fedha nyingi:

- Kamba ya makumbi ivutwe kwa kimo cha kiuno kutoka mlangoni hadi chooni, na nyingine hadi jikoni, ikiwa na fundo moja karibu na choo na mawili karibu na jiko. Kamba isikatize njia ya wapita njia, na ikaguliwe kila baada ya mvua kubwa.
- Miimo ya milango na ngazi za dungu, yaani kibanda cha juu ya nguzo, zipakwe chokaa kwa ajili ya mwenye uoni hafifu, na kila kipandio cha ngazi kilicholegea kifungwe upya.
- Chupa za mafuta ya taa zisifanane kamwe na za mafuta ya kupikia au za maji ya kunywa. Tofauti ya harufu haitoshi kumwokoa aliye na mafua.
- Makopo yafungwe mipira ya kubana: mmoja kwa chumvi, miwili kwa sukari. Dawa za asubuhi na za jioni zitenganishwe kwa njia hiyo hiyo.
- Jiko la mafiga lizungushiwe ukingo mdogo wa udongo, na mpishi asiyeona aanze kutokea ukingo kuelekea motoni, polepole, kwa nyuma ya mkono.

Familia nyingi hufanya kosa la huruma, yaani kumkataza mtu huyo kupika, kufua na kutwanga. Kazi alizozifanya kwa mikono kwa miaka thelathini bado zimo mikononi. Anachohitaji ni vyombo visihamishwe.

Mtoto wa umri wa shule

Mtoto asiyeona asibaki nyumbani kungoja apone. Mzazi amwone mwalimu mkuu na afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri, kwa kuwa nafasi katika shule zenye walimu wa nukta nundu, kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, Buigiri ya Dodoma au Irente ya Lushoto, hutafutwa mapema na kupitia mkondo wa serikali. Nukta nundu ni maandishi ya vinundu sita vinavyosomwa kwa vidole, yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1829, na wazazi wengi huuliza kama bado yana kazi katika zama za simu inayosoma. Yana kazi: anayesikiliza tu hajui neno linavyoandikwa wala fungu la hesabu linavyopangwa, na mitihani ya taifa huandaliwa pia kwa nukta nundu. Kompyuta ifuate baadaye, ikiwa na programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na inayotolewa bure, kabla ya kufikiria zile za kulipia.

Mahali pa kuuliza na kudai

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inazitambua huduma za afya, elimu, utengamao na ufikiwaji wa majengo kuwa haki. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuombwa kumsajili mtu mwenye ulemavu na kumwelekeza penye vifaa. Chama cha Wasioona Tanzania kina uzoefu wa miaka mingi wa fimbo na mafunzo, na mtu aliyekwisha kutembea bila kuona humfundisha mwenzake kuliko maandishi yoyote. Aidha, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii aulizwe masharti ya sasa, na mwombaji akumbuke kwamba huo ni mkopo wa biashara unaorudishwa, hivyo usiombwe kwa ajili ya kununulia simu inayozungumza.

Maji yanapopanda

Mafuriko ya mwaka 2024 katika Rufiji na Kibiti, yakifuatwa na Kimbunga Hidaya kilichoifikia pwani ya Mafia mwanzoni mwa Mei, yalionyesha jambo ambalo vitabu vya vifaa havilitaji: maji hufuta alama zote ambazo asiyeona amezikariri. Kamba huondoka, njia hugeuka, na sauti ya mkondo hutoka kila upande. Redio ndogo ya betri, inayopokea taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa wakati minara ya simu imezimika, iwe kando ya kitanda, pamoja na filimbi ya kuitia msaada na kopo lenye dawa, simu na kitambulisho. Jirani mmoja ateuliwe kwa jina kuwa ndiye atakayekuja, na wa pili awepo iwapo wa kwanza amesafiri. Mwenyekiti wa kitongoji naye awe na orodha ya nyumba zenye watu wasioona, iliyoandikwa kabla ya masika kuanza, ili chombo cha kwanza cha kuhamisha watu kijue kiende wapi.